Kabla ya Bunge Kulikuwa na Udongo: Karamba Diaby na Mji wa Halle

Picha iliingia kwenye simu yangu usiku, bila salamu wala maelezo. Ilionyesha dirisha la ofisi ya mbunge, kioo chenye sura ya mwenye ofisi, na matundu ya risasi kwenye kioo hicho. Aliyeituma ni mpwa wangu, binti anayejifunza Kijerumani kwa bidii kwa kuwa anataka kwenda kusomea kemia huko, na baada ya kitambo kidogo alifuatisha swali moja: "Mjomba, kwa hiyo huyu wamemshinda?"

Mwenye sura ile ni Karamba Diaby, mzaliwa wa Senegal, aliyeuwakilisha mji wa Halle katika Bunge la Shirikisho la Ujerumani, yaani Bundestag, kuanzia 2013 hadi 2025. Picha ni ya Januari 2020, na aliyeitangaza ni Diaby mwenyewe. Habari iliyozaa swali la mpwa wangu ni ya baadaye zaidi: mwezi Julai 2024 Diaby alitangaza kwamba hatagombea tena.

Nilimjibu kwamba hakuna aliyemshinda, na kwamba aliamua mwenyewe kuondoka baada ya vipindi vitatu.

Jibu hilo lina ukweli, lakini kwa wiki kadhaa halikunipa utulivu. Nilirudi kuyasoma maisha ya mtu huyu tangu mwanzo, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba swali la kushinda na kushindwa haliwezi kujibiwa kwa kuitazama miaka yake ya bungeni peke yake. Miaka hiyo haifiki hata 12. Ile aliyoishi na kufanya kazi katika mji huohuo kabla ya kuitwa mheshimiwa inazidi 25.

## Marsassoum, Dakar, Leipzig

Diaby alizaliwa mwaka 1961 huko Marsassoum, mji mdogo wa Casamance, kusini mwa Senegal. Alifiwa na mama yake akiwa mchanga, na baba yake akafariki mtoto akiwa na miaka saba. Aliyemlea ni dada yake mkubwa pamoja na mumewe. Yatima huyo alisoma hadi akafika chuo kikuu cha Dakar, na mwaka 1985 akapata ufadhili wa kwenda kusoma Ujerumani Mashariki.

Safari za namna hiyo zinajulikana sana huku kwetu. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara baada ya Mapinduzi ya 1964, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa nchi hiyo bado yanakaliwa hadi leo. Vijana wa Unguja, wa Bara, wa Msumbiji na wa Angola walipelekwa huko kusoma au kufanya kazi, na wengi waliokwenda vyuoni walianzia Leipzig, katika Taasisi ya Herder, iliyokuwa ikiwafundisha wageni Kijerumani kabla hawajatawanywa kwenye vyuo mbalimbali. Diaby naye alipitia Leipzig. Kutoka hapo alipangiwa Halle, mji ulio kando ya mto Saale, kusomea kemia katika Chuo Kikuu cha Martin Luther.

Watu wengi waliosoma huko walirudi makwao. Yeye alibaki, na naona uamuzi huo una uzito kuliko tarehe yoyote ya uchaguzi, kwa sababu nchi iliyokuwa imemwalika ilitoweka akiwa bado darasani. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki ilikoma kuwapo. Mwanafunzi mwenye ufadhili wa serikali isiyokuwapo tena alijikuta na maswali mazito sana: nani atalipia chumba chake, nani atatambua masomo yake, na kama ataruhusiwa kumaliza. Diaby alikuwa miongoni mwa waliosimama kuwasemea wanafunzi wa kigeni wa Halle katika kipindi hicho.

Mtu asiye na kura, asiye na uraia, na ambaye hata mfadhili wake hayupo, alijifunza siasa kwa kuwatetea wenzake wabaki darasani.

## Mwafrika aliyetangulia Halle

Karibu na majengo ya chuo hicho kuna sanamu ya shaba ya mwanamume na mwanamke wa Kiafrika, iliyosimamishwa mwaka 1965, na bamba lililoongezwa baadaye linamkumbuka Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 eneo la Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, na akakulia katika jumba la watawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel. Mwaka 1727 aliandikishwa kuwa mwanafunzi Halle. Mwaka 1729 alitetea hadharani hoja kuhusu haki za Waafrika waliokuwa wakiishi Ulaya, na mwaka 1734 akatetea tasnifu yake ya falsafa huko Wittenberg. Alifundisha Halle, kisha Jena.

Mwaka 1747 yalichapishwa mashairi ya kumdhihaki, yaliyomfanya kichekesho mbele ya watu kwa sababu ya rangi yake. Katika kipindi hichohicho Amo aliondoka Ujerumani na kurudi pwani ya Ghana, na huko ndiko alikomalizia maisha yake.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilisimama kwa siku kadhaa. Msomi wa Kiafrika ndani ya Halle, dhihaka iliyochapishwa, kisha kuondoka. Ni rahisi mno kuiweka hadithi ya Amo juu ya hadithi ya Diaby na kusema historia imejirudia, lakini sidhani hivyo. Amo aliletwa akiwa mali ya mtu, akainuliwa na watawala, na watawala waliomlinda walipokufa hakubaki na mtu wa kumkinga. Diaby alifanya jambo ambalo Amo hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya: alijenga msingi wake miongoni mwa wakazi wa kawaida wa mji, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, kabla ya kuwaomba chochote.

Na alianza na udongo wa bustani zao.

## Mboga za Halle

Wajerumani wa mijini wana desturi ya kukodi kijishamba pembezoni mwa mji, kwenye eneo linalosimamiwa na ushirika wa wakulima wadogo wa bustani. Sheria yao ya mwaka 1983 inaeleza hata vipimo: kiwanja kisizidi meta za mraba 400, na kibanda kilichomo kisizidi meta za mraba 24. Ndani ya kiwanja hicho familia hupanda viazi, nyanya, karoti, kabichi na mitufaa, hukaa Jumapili nzima, na mara nyingi hukirithisha kwa watoto. Kwa watu wa Ujerumani Mashariki, ambako matunda na mboga havikupatikana wakati wote dukani, bustani hizo zilikuwa na thamani kubwa zaidi.

Halle imezungukwa na eneo lililokuwa moyo wa viwanda vya kemikali vya nchi hiyo: Leuna, Buna, Bitterfeld. Kwa miongo mingi makaa ya kahawia yalichomwa na moshi ukatua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mboga. Baada ya Ujerumani mbili kuungana watu walianza kuuliza hadharani maswali ambayo zamani hayakuulizika. Je, udongo huu una sumu? Viazi tulivyowalisha watoto vilikuwa salama?

Diaby, akiwa mtafiti wa mazingira, aliyafanya maswali hayo kuwa utafiti wake wa udaktari, alioumaliza mwaka 1996. Alichunguza metali nzito na virutubisho katika bustani za Halle. Kazi ya namna hiyo haifanyiki mezani. Inabidi mtu apige hodi kwenye lango la bustani, ajieleze kwa mwenyewe, aombe ruhusa ya kuchimba, achukue udongo wa juu na wa chini, achukue na mmea uliooteshwa humo, aviandike vyote na kuvipeleka maabara, kisha arudi tena kwa sababu matokeo ya mara moja hayatoshi.

Nimejaribu kuiweka akilini miaka ile ya tisini mwanzoni. Viwanda vinafungwa, maelfu ya wanaume na wanawake wa Halle wamepoteza kazi, vijana wenye vichwa vilivyonyolewa wanatembea kwa makundi wakitafuta wageni wa kupiga. Na katika hali hiyo kijana wa Casamance anasimama kwenye uzio wa bustani ya mstaafu wa Kijerumani akimwambia kwamba angependa kupima kabichi zake. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa.

Mkazi aliyemruhusu Diaby kuchimba udongo wake alikuwa amemkabidhi hofu aliyokuwa nayo kuhusu chakula cha watoto wake. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani kwenye jukwaa la kampeni, na mwaka 1996 hapakuwa na kampeni yoyote mbele yake. Hakuwa hata raia.

## Dessau, mwaka 2000

Sitaki kuyapamba maisha hayo. Novemba 1990 huko Eberswalde kundi la wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia lilimpiga Amadeu Antonio, mfanyakazi kutoka Angola, naye akafariki kabla ya wiki mbili kwisha, bila kupata fahamu. Juni 2000, katika bustani ya mji wa Dessau, si mbali na Halle, vijana watatu wa mrengo huohuo walimpiga Alberto Adriano hadi akafa. Adriano alikuwa Mmsumbiji, baba wa watoto watatu, aliyekuwa ameishi Ujerumani kwa miaka mingi kama maelfu ya wenzake walioletwa kufanya kazi viwandani. Wengi wa wenzake waliorudi Maputo walidai kwa miaka na miaka fedha zilizokatwa kwenye mishahara yao, na madai hayo yanastahili makala yake yenyewe.

Adriano na Diaby walikuwa watu wa rika moja. Walikuwa Waafrika wawili waliokuja nchi ileile katika miaka ya themanini, wakaoa, wakapata watoto, wakaishi katika jimbo lilelile la Sachsen-Anhalt.

Mwaka uliofuata, 2001, Diaby alichukua uraia wa Ujerumani.

Tarehe hizo mbili zimenishughulisha kuliko jambo lolote katika maisha yake. Sijui mtu anafikiri nini anapojaza fomu za uraia wa nchi ambako mwenzake ameuawa juzi katika mji wa jirani, na sitajifanya kumsemea. Ninachokiona ni tendo lenyewe. Kama kuna mahali ambapo angeweza kuondoka na sote tukamwelewa, ni hapo, na aliongeza mizizi hapohapo.

## Kazi ambayo haikupigwa picha

Vyombo vya habari vilimgundua mwaka 2013, vikaandika kana kwamba amedondoka kutoka angani. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza baraza linalowawakilisha wakazi wa kigeni katika mji wa Halle, ameshiriki kuunganisha vyama vya wahamiaji vya jimbo zima kuwa mtandao mmoja, na amekuwa mwenyekiti wa baraza la kitaifa linalokusanya mabaraza ya namna hiyo kutoka miji mbalimbali.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye vikao hivyo anaweza kuvipita haraka. Ningeomba asivipite. Baraza la wageni katika mji wa Ujerumani kwa kawaida halipitishi sheria wala halishiki bajeti kubwa. Linashauri. Linakaa jioni, baada ya watu kutoka kazini, na ajenda yake huwa ni mkalimani hospitalini, mtoto aliyepelekwa kwenye shule ya wanafunzi dhaifu kwa sababu tu hajui Kijerumani, vyeti vya mhandisi ambaye sasa anasafisha ofisi, mwenye nyumba anayekataa wapangaji wenye majina fulani. Anayeongoza baraza hilo hubishana na maofisa ambao hawalazimiki kumsikiliza, na hurudi mwezi unaofuata kubishana nao tena juu ya jambo lilelile.

Alijiunga na chama cha SPD, chama cha Demokrasia ya Kijamii, mwaka 2008. Mwaka 2009 akawa diwani wa Halle, na akaendelea na udiwani hadi 2015, hata baada ya kuingia bungeni.

Mfuatano huo una maana. Kwetu, na si kwetu pekee, kijana anayetaka kuwatumikia watu huanza na kadi ya chama, kisha hutafuta cheo, na watu huja mwishoni kabisa, wakati wa kuomba kura. Diaby alikuwa na zaidi ya miaka 20 Halle alipoichukua kadi ya chama. Kazi za baraza, za vyama vya wahamiaji na za maabara zilikuwa zimeshafanyika.

## Orodha kwanza, kisha jimbo

Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili, moja ya mgombea wa jimbo lake la uchaguzi na nyingine ya chama. Septemba 2013 Diaby aliingia bungeni kwa kura ya pili: chama kilikuwa kimemweka nafasi ya tatu kwenye orodha yake ya Sachsen-Anhalt. Katika Bunge hilo la watu 631, yeye na Charles M. Huber wa chama cha kihafidhina cha CDU, mzaliwa wa Munich ambaye baba yake alikuwa Msenegali, wakawa wabunge weusi wa kwanza wenye asili ya Afrika. Magazeti ya dunia yalishangilia. Huku kwetu pia tulishangilia, na nakumbuka furaha ile ilivyokuwa ya kweli.

Wenye shaka nao walikuwapo, na shaka yao ninaiheshimu. Walisema amebebwa na orodha, kwamba chama kimetafuta sura ya kuonyesha, na kwamba wapiga kura wa mji wa mashariki wakiachiwa wachague mtu kwa jina hawatamchagua Mwafrika. Mwaka 2017 alirudi bungeni, safari hii pia kwa orodha, na shaka hiyo ikabaki palepale.

Septemba 2021 alishinda jimbo la uchaguzi la Halle.

Halle na maeneo yake ya jirani yalimpa kura ya kwanza, ile inayopigwa kwa jina, mbele ya wagombea wote wengine. Ushindi huo ulikuja miaka miwili baada ya tarehe 9 Oktoba 2019, siku ambayo mtu mwenye silaha alijaribu kuingia kwenye sinagogi la Halle wakati wa ibada ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, akashindwa na mlango wa mbao, kisha akaua watu wawili, mmoja barabarani na mwingine kwenye mkahawa wa kebabu. Ulikuja pia baada ya matundu yale kuonekana kwenye kioo cha ofisi yake, Januari 2020. Mji uliokuwa na majeraha hayo yote ulimwita kwa jina lake kwenye karatasi ya kura. Sijaona habari hiyo ikisambazwa kwenye simu zetu hata nusu ya ilivyosambazwa picha ya matundu.

## Barua za kila asubuhi

Risasi na moto ndivyo vinavyopigwa picha. Mei 2023 ofisi yake ilichomwa moto. Matukio ya namna hiyo yana polisi, yana viongozi wanaotoa pole, yana siku ya kukarabati. Barua hazina hayo.

Diaby ameeleza kwamba vitisho vya kuuawa vilimfikia mara nyingi, pamoja na matusi ya rangi, na kwamba wafanyakazi wa ofisi yake nao waliandamwa ili waache kumfanyia kazi. Maelezo hayo ya mwisho yalinifanya nisome upya kila kitu. Tunapozungumza juu ya ujasiri wa mbunge tunamfikiria mbunge, aliyechagua maisha hayo na kupewa kura kwa ajili yake, na tunamsahau msaidizi anayepanga miadi, anayepokea simu, anayefungua bahasha. Huyo hakugombea chochote. Ana mshahara wa kawaida, jina lake lipo kwenye kengele ya nyumba yake, na jioni anatembea peke yake hadi kituo cha tramu.

Mbunge anaweza kusema kwamba yeye haogopi. Je, anaweza kusema hivyo kwa niaba ya msichana wa mapokezi?

Hapo ndipo jibu langu la kwanza kwa mpwa wangu lilipopungua. Wakati wa kutangaza kwamba hatagombea tena, Diaby, akiwa na miaka 62, alisema anataka kuipa familia muda zaidi na kuwapisha wanasiasa vijana. Alipoulizwa kuhusu chuki, alisema haikuwa sababu kuu, lakini hakuificha: alisema vitisho vilikuwa vimevuka mpaka. Ninamwamini kwa yote mawili. Mtu mwenye heshima yake, anayejua kwamba waandishi wa barua zile wanasubiri kujipongeza, hana sababu ya kuwakabidhi uamuzi wake. Lakini pia hana wajibu wa kutudanganya kwamba barua zile hazikuwa na uzito.

Wala vitisho hivyo haviwalengi Waafrika peke yao. Katika jimbo hilohilo la Sachsen-Anhalt, kusini mwa Halle, kuna kijiji cha Tröglitz. Machi 2015 Markus Nierth, aliyekuwa akikiongoza kijiji hicho kwa kujitolea, alijiuzulu kwa sababu wafuasi wa siasa kali walipanga kuandamana hadi nyumbani kwake, alikokaa na mkewe na watoto, wakipinga wakimbizi kupewa makazi kijijini. Wiki chache baadaye jengo lililotayarishwa kwa ajili ya wakimbizi hao lilichomwa. Juni 2019 Walter Lübcke, kiongozi wa utawala wa Kassel na mwanachama wa CDU, aliuawa kwa risasi kwenye kibaraza cha nyumba yake na mtu wa mrengo huohuo, kwa sababu alikuwa amewatetea wakimbizi.

Nierth ni Mjerumani mweupe, mtu wa kanisa. Lübcke alikuwa mhafidhina. Wanaoandika barua zile wanamwandama mgeni aliyeingia ndani, na wanamwandama pia mwenyeji aliyemfungulia mlango.

## Kilichobaki mezani

Uchaguzi wa Februari 2025 uliipa SPD asilimia 16.4 ya kura na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, asilimia 20.8 katika nchi nzima. Katika Sachsen-Anhalt AfD ilipata zaidi ya theluthi moja ya kura zote. Bunge jipya lilikutana Machi bila Diaby. Kwa hiyo atakayetaka kusema kwamba chuki imepata nguvu anazo takwimu za kumtosha, nami sitabishana naye.

Lakini katika kipindi chake cha mwisho Diaby alikuwa upande wa walio wengi, na jambo ambalo watu wa mabaraza ya wageni walilidai kwa miongo mingi lilipita mikononi mwao. Januari 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uraia, iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024. Muda wa kuomba uraia ulishuka kutoka miaka minane hadi mitano, na mwombaji halazimiki tena kuukana uraia wake wa asili. Sheria hiyo ilikuwa pia na kipengele cha miaka mitatu kwa waliojitahidi kwa namna ya pekee. Oktoba 2025 Bunge jipya lilikifuta kipengele hicho. Miaka mitano imebaki, na uraia pacha umebaki.

Wasomaji wangu wa Tanzania wanajua kwamba sheria yetu wenyewe haijafika hapo, na Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa Ujerumani bado hulazimika kuuachia wa kwao. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaweza kuwa navyo vyote viwili. Ndiyo maana watu wawili wa Afrika Mashariki wanaoishi mtaa mmoja wa Halle wanaweza kuipokea sheria ileile kwa hesabu tofauti kabisa.

Waandishi wetu watakapompata Diaby kwa mahojiano, watamuuliza tena alijisikiaje kuwa wa kwanza. Ameshalijibu swali hilo mara nyingi. Ningependa wamuulize kuhusu wafanyakazi wa ofisi ile: walikuwa wangapi waliobaki hadi siku ya mwisho, nani aliwalinda walipokuwa wakirudi nyumbani, na kama kuna aliyeomba kuacha kazi naye akamruhusu. Kisha wamuulize kuhusu madiwani. Halle ina wakazi waliotoka Syria, Vietnam, Ukraine na Afrika Magharibi, wengine tayari ni raia, wanaokaa kwenye vikao vya jioni kama alivyokaa yeye kabla hajajulikana. Anasema nini anapomwendea mmoja wao, mama wa watoto wadogo, na kumwomba aruhusu jina lake liandikwe kwenye karatasi ya kura?